Giaboksi za klachi mbili kwenye magari ya familia: tatizo ni muundo, uendeshaji au matunzo?

#1 Mtaratibu (mleta uzi)
Wakuu, salamu. Kila ninaposoma kuhusu giaboksi za klachi mbili nakutana na kauli mbili zisizopatana. Wapo wanaosema hakuna otomatiki bora kuliko hii kwa gari la familia, kwa kuwa inabadili gia bila kukata nguvu ya injini na haili mafuta kama otomatiki za zamani. Wapo pia wanaosema ukiikuta kwenye gari lililokwisha kutumika, shukuru kwa kuoneshwa na uende zako.

Dai langu ni hili: sehemu kubwa ya lawama inastahili kubebwa na zile za klachi kavu, hasa za gia sita na saba zilizofungwa kwenye magari madogo yenye injini ndogo. Zile ambazo klachi zake zinafanya kazi ndani ya oili, zikibadilishwa oili kwa wakati, sioni sababu ya kuziogopa kuliko otomatiki nyingine yoyote. Naomba wenye uzoefu wachangie, na anayepinga alete sababu.

#2 Shafti Ndefu
Mleta uzi, nakuunga mkono kwa sehemu kubwa, lakini tueleze kwanza inavyofanya kazi ili wanaotusoma tusiwaache nyuma. Ndani yake kuna shafti mbili za kuingiza nguvu, moja ikipita katikati ya nyingine iliyo na uwazi, na kila shafti ina klachi yake. Klachi moja inahudumia gia za namba witiri, nyingine za namba shufwa. Ukiwa gia ya pili, gia ya tatu imekwisha kushikwa upande wa pili na inasubiri tu. Klachi moja inapoachia, nyingine inashika katika muda huohuo, ndiyo maana abiria hahisi kitu. Kwa asili, basi, hizi ni giaboksi mbili za kawaida zilizowekwa pamoja, na anayekanyaga klachi ni kompyuta.

Ugumu unaanza gari linapotembea polepole kuliko mwendo ambao gia ya kwanza inaweza kuubeba huku klachi ikiwa imeshika kikamilifu. Otomatiki ya kawaida ina tokikonvata, ambayo inapitisha nguvu kwa msukumo wa oili na inavumilia hali hiyo siku nzima. Klachi mbili hazina kitu hicho, kwa hiyo pleti, yaani diski ya klachi inayosugua ili kushika, lazima iteleze, na pleti inayoteleza inazalisha joto. Kwenye klachi ya oili joto linabebwa na oili hadi kwenye kipoza, lakini kwenye klachi kavu halina pa kwenda isipokuwa kwenye chuma chenyewe na hewa iliyo ndani ya nyumba ya klachi.

#3 BabaWatatu
Maelezo ya #2 yamenigusa. Gari letu la kupeleka watoto shule ni la gia saba, klachi kavu, na njia yetu ina foleni asubuhi na jioni. Lilianza kwa mtetemo mdogo wakati wa kuondoka, hasa likiwa limepata moto. Baadaye likawa linapiga teke likishuka kutoka gia ya pili kwenda ya kwanza. Pleti zilipotolewa nilioneshwa uso wa chuma ambao pleti inausugua: ulikuwa na madoa ya buluu yaliyokolea, yaliyozunguka kama pete, na vumbi jeusi limejaa kila pembe. Tulibadilisha klachi zote mbili pamoja na beringi zake. Kwa muda gari lilitulia, kisha mtetemo ukarudi, ingawa si kwa ukali ule wa kwanza. Sasa najiuliza kama klachi ndiyo ilikuwa ugonjwa au dalili tu.

#4 Fundi Makini
Ndugu BabaWatatu, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Nimefanya kazi hizi kwa muda mrefu, na ninachokiona kila mara ni klachi nzuri kufungwa vibaya. Kwenye aina kadhaa za klachi kavu, kabla ya kufunga lazima upime umbali kati ya beringi ya kuachia na vidole vya klachi, kisha uchague vipande vyembamba vya chuma vya unene unaotakiwa, ambavyo mafundi tunaviita shimu. Kosa dogo mno, ambalo jicho haliwezi kuliona, linatosha kuifanya kompyuta isijue klachi inaanza kushika wapi.

Ukishafunga, unaunganisha mashine ya uchunguzi na kuiagiza giaboksi ijifunze upya sehemu ya kushika ya kila klachi, halafu unaendesha gari kwa utaratibu maalumu ili ikamilishe kujifunza barabarani. Fundi anayefunga, anawasha gari, anaona linatembea na kumkabidhi mwenyewe funguo amefanya nusu ya kazi. Mtetemo uliokurudia unaweza kuwa umetokana na hilo. Unaweza pia kuwa umetokana na flaiwili, yaani gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi, ya vipande viwili yenye springi, ambayo wengi huirudisha ileile bila kuipima mchezo wake.

#5 Kipimajoto
Ninyi nyote mnazungumzia klachi, nami sipingi, lakini mnasahau kwamba magari mengi ya aina hii yanayobebwa na winchi klachi zake hazina kasoro yoyote. Kinachokufa ni mekatroniki, yaani kile kifaa kimoja kilichobeba kompyuta, sensa, valvu na pampu.

Chukueni mfano wa DQ200 ya Volkswagen, ile ya gia saba ya klachi kavu iliyotoka mwaka 2008 na kupewa kikomo cha nguvu ya mzunguko cha Nm 250. Mekatroniki yake ina oili yake yenyewe, takribani lita 1, ambayo haichangamani na ile ya gia, takribani lita 1.7. Pampu ya umeme inasukuma oili hiyo kwenye chombo cha kutunzia presha hadi takribani baa 60. Nyumba ya chombo hicho ikipata ufa, presha inashuka, msimbo P17BF unajitokeza kwenye kompyuta, na gari linasimama hapo lilipo hata kama klachi ni mpya kabisa. Joto la foleni halihusiki moja kwa moja. Chuma kimechoshwa na presha inayopanda na kushuka maelfu kwa maelfu ya mara. Ndiyo maana siridhiki na dai la mleta uzi kwamba mzizi ni ukavu wa klachi.

#6 Nahodha wa Lami
Tukumbuke kwamba teknolojia hii bado ni changa. Ilianza mwaka 2003 Volkswagen walipoitoa, na kitu chochote cha umri huo kina magonjwa ya utotoni. Otomatiki ya tokikonvata imekuwapo miongo mingi zaidi. Tuwape watengenezaji muda.

#7 Mhifadhi Kumbukumbu
Nahodha, mwaka huo ni wa magari ya kawaida ya kuuzwa kwa wingi, pale DSG, jina la Volkswagen kwa giaboksi hizi, ya gia sita ilipoingia kwenye Golf R32 na Audi TT. Wazo lenyewe ni la Mfaransa Adolphe Kégresse, mwishoni mwa miaka ya 1930, na Porsche waliliendesha kwenye magari yao ya mashindano, 956 na 962, katika miaka ya 1980 kwa jina la PDK. Kwa hiyo hoja ya utoto haina nguvu sana. Kilichochelewa ni kompyuta yenye kasi ya kutosha.

Na kwa kuwa DQ200 imetajwa, nyongeza ni hii. Machi 2013 Volkswagen waliita magari 384,181 nchini China yarudishwe kurekebishwa kwa ajili ya giaboksi hizo, na Novemba mwaka huohuo wakatangaza kuyaita takribani milioni 1.6 duniani ili oili ya sintetiki ndani ya giaboksi ya gia saba ibadilishwe kwa oili ya madini, kwa sababu ile ya kwanza ingeweza kusababisha hitilafu ya umeme ndani ya mfumo. Hapo utaona kwamba hata mtengenezaji mwenyewe alipotafuta chanzo hakukimbilia pleti za klachi.

#8 MamaPacha
Asanteni kwa elimu. Mimi nina gari la klachi za oili, gia sita, na tangu nimelipata natumia kanuni moja tu: oili na filta kila kilomita 60,000 bila kuruka. Limevuka kilomita 200,000 na bado linabadili gia kama siku ya kwanza. Jirani yangu ana gari linalofanana na langu, aliambiwa na aliyemuuzia kwamba oili ni ya maisha ya gari, akaamini, na sasa gia zinachelewa kushika anapotaka kurudi nyuma. Naomba kuuliza: hiyo habari ya oili ya maisha inatoka wapi, na je, ni kweli kwa giaboksi yoyote?

#9 Fundi Makini
Dada MamaPacha, kanuni yako ndiyo iliyo kwenye ratiba ya huduma ya DQ250, ile ya gia sita ya klachi za oili. Habari ya oili ya maisha inatoka kwa zile za klachi kavu. DQ200, kwa mfano, haina ratiba ya kubadili oili ya gia, kwa kuwa oili hiyo hailazimiki kuosha pleti. Watu wakasikia giaboksi moja haina ratiba, wakalitangaza kwa zote.

Kwenye klachi za oili kila pleti inaposugua inaacha chembe ndani ya oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayopita kwenye valvu nyembamba za mekatroniki na kulainisha meno ya gia. Inafanya kazi tatu ambazo kwenye gari jingine zingegawanywa, na ndiyo sababu haiwezekani kuweka oili yoyote ya otomatiki uliyoikuta dukani. Ina viungo vya msuguano vilivyopimwa kwa ajili ya pleti hizo.

Kosa jingine liko kwenye kujaza. Oili ya DQ250 haipimwi kwa kijiti. Ukishajaza, unawasha injini, unapitisha mkono wa gia katika kila nafasi, kisha unafuatilia joto la oili kwenye mashine ya uchunguzi mpaka lifike kati ya nyuzi 35 na 45. Hapo, injini ikiwa bado inanguruma, unafungua nati ya chini ambayo ndani yake kuna bomba fupi la plastiki. Oili ya ziada inamwagika kwa mkondo, mkondo unakonda, na ukianza kudondoka tone kwa tone unafunga. Ukipima ikiwa baridi, oili haijatanuka, utafunga ukidhani imekaa sawa kumbe imezidi. Ukipima ikiwa ya moto sana utaipunja, na klachi zitakosa oili kwenye kona kali na milimani.

#10 Mtaratibu (mleta uzi)
Nashukuru, Fundi, maelezo ya namna hii ndiyo niliyoyatarajia. Naona #5 na #7 wanaelekeza lawama kwenye mekatroniki na umeme. Hata hivyo, bado nauliza: kama si joto la klachi kavu, kwa nini Hyundai, waliokuwa na gia saba ya klachi kavu, walipotengeneza ya gia nane waliiweka klachi za oili?

#11 Mpenda Tokikonvata
Kwa nini tuzunguke? Tazameni PowerShift ya Ford. Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru Ford ya huko kulipa dola za Australia milioni 10 kwa namna ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi hizo. Wateja walikuwa wakilalamika mtetemo, gari kukosa nguvu, kelele, na wengine kuambiwa kwamba ni uendeshaji wao. Mimi kwa hilo nimefunga mlango. PowerShift zote, DSG zote, na ndugu zake wote, siwezi kumwekea mke wangu na watoto ndani yake. Tokikonvata ina uzito na inakula mafuta kidogo zaidi, lakini inanifikisha.

#12 Kipimajoto
Mkuu #11, mlango umeufunga kwa nguvu kiasi cha kuwafungia nje wasiohusika. Jina PowerShift lilitumika kwa giaboksi zaidi ya moja. Iliyoleta kesi hiyo ni DPS6, ya klachi kavu, iliyofungwa kwenye Fiesta, Focus na EcoSport. Ile ya 6DCT450, iliyofungwa kwenye Mondeo na baadhi ya magari ya Volvo, ni ya klachi za oili na ni kifaa tofauti kabisa. Ukizipima kwa jina lililobandikwa nyuma ya gari utamhukumu mmoja kwa kosa la mwingine.

Kuhusu swali la mleta uzi, nguvu ya mzunguko ni sababu inayojitosheleza. Injini zenye turbo zimeongezeka nguvu, na klachi kavu ina kikomo cha kile inachoweza kubeba. Kuhamia kwenye oili hakuthibitishi kwamba kavu ilikuwa mbovu ndani ya kikomo chake.

#13 Dereva wa Safari Ndefu
Naomba nirudishe mjadala kwa dereva, kwa sababu naona anasamehewa. Watu wengi wanaendesha klachi mbili kama tokikonvata. Kwenye mlima wanashikilia gari kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Hapo klachi inateleza mfululizo bila gari kusogea hata hatua. Kwenye foleni wanajikokota nusu mita, wanasimama, tena nusu mita. Ukiacha nafasi ifunguke mbele yako, kisha ukaondoka vizuri mpaka klachi ishike yote, umeipunguzia mateso mengi. Wakati wa kuegesha, vuta breki ya mkono kabla ya kuweka P na kabla ya kuachia breki ya mguu, ili uzito wa gari usiegemee lile jino dogo linalofunga giaboksi. Nami kwenye taa naweka N kila mara ili klachi zipumzike.

#14 Shafti Ndefu
Nakazia yote isipokuwa la N. Ukiwa umekanyaga breki vya kutosha na gari limesimama, kompyuta inafungua klachi hata kama mkono wa gia uko D, hakuna kinachosugua. Kwa kwenda N na kurudi D kila taa unaongeza idadi ya mara ambazo gia na klachi zinashikishwa upya bila faida. Tatizo ni wale wanaogusa breki kwa wepesi, gari likabaki linataka kutambaa huku limezuiwa. Kanyaga breki sawasawa, inatosha.

#15 Dereva wa Safari Ndefu
Ndugu Shafti, hilo linategemea gari. Yapo ambayo ukiwa D na breki imekanyagwa unasikia kabisa mvutano kwenye usukani, na ukiweka N unatoweka. Kwa gari la aina hiyo nitaendelea na N, hasa nikijua nitasimama muda mrefu.

#16 Mseto Daima
Hakuna aliyetaja magari ya mseto, yaani yenye injini na mota ya umeme pamoja, na huko ndiko klachi kavu ilikopewa msaada ambao ungetosha kuitetea. Honda waliweka giaboksi ya gia saba ya klachi mbili yenye mota ya umeme ndani yake kwenye Fit Hybrid ya mwaka 2013 na Vezel iliyofuata. Mota inaweza kulisogeza gari bila klachi ya injini kuteleza, maadamu betri ina chaji. Kwa nadharia ya mleta uzi, joto lilikuwa limepatiwa dawa. Lakini Fit Hybrid iliitwa mara tano nchini Japani katika takribani mwaka wake wa kwanza, na baadhi ya miito hiyo ilihusu programu inayoongoza giaboksi. Toleo la Fit la mwaka 2020 liliuacha mfumo huo na kuchukua wa mota mbili. Mimi ninavyoona, tatizo kubwa la familia hii yote ni programu: kompyuta inakisia dereva anataka nini, ikikosea ndipo gari linapopiga teke, na kila teke linakula chuma.

#17 BabaWatatu
Mseto Daima, hilo linaelekea kunihusu. Fundi mwingine aliniambia giaboksi yangu ina toleo la zamani la programu. Kabla sijagharamia chochote tena, na kwa faida ya shemeji yangu anayetaka kununua la aina hiihii, naomba Fundi Makini aeleze mtu akague nini kabla ya kununua.

#18 Fundi Makini
Likague likiwa limelala usiku kucha, kisha likague tena likiwa la moto, kwa sababu klachi na mekatroniki hujificha kwa nyakati tofauti. Tafuta mlima mdogo, liondoe taratibu, usikilize mtetemo. Kisha weka R na uondoke bila kukanyaga mafuta. Kwenye DQ200 gia ya kurudi nyuma inatumia klachi ileile ya gia za namba shufwa, kwa hiyo likitetemeka kwenye R na tena linapoingia gia ya pili, umekwisha kujua ni klachi ipi. Kelele ya kugongagonga injini ikiwa inanguruma bila gia, inayobadilika ukizima, mara nyingi ni flaiwili. Baada ya hapo unganisha mashine ya uchunguzi usome misimbo iliyohifadhiwa, joto la juu lililowahi kufikiwa, na mahali ambapo kila klachi inashika sasa. Kwa giaboksi nyingi takwimu hizo zipo na hazidanganyi kama muuzaji. Kwa gari la klachi za oili, dai risiti ya oili na filta. Pasipo risiti, hesabu kwamba haikubadilishwa.

Kuhusu programu, ndugu BabaWatatu, isasishwe kwanza, kisha klachi zifundishwe upya, ndipo ufikirie kufungua.

#19 Kimya Kingi
Husoma tu, leo nachangia. Gari letu ni la klachi kavu, gia saba, oili ya gia haijawahi kuguswa, limeishi kwenye foleni na limeendeshwa na watu watatu wenye tabia tofauti kabisa, mmoja wao akiwa ndiye huyo wa kushikilia mlima kwa mafuta aliyetajwa na #13. Limevuka kilomita 180,000 kwa klachi zake za kwanza. Haliendani na maelezo ya #1, wala ya #13.

#20 Kipimajoto
Ndugu Kimya Kingi, unaweza kututajia mwaka wa kutengenezwa na toleo la mekatroniki? Vifaa vya miaka ya baadaye vilifanyiwa marekebisho, na kama lako ni la baada ya hapo tutakuwa na jambo la kulinganisha na la BabaWatatu.

#21 Mtaratibu (mleta uzi)
Naunga mkono ombi la #20. Na BabaWatatu, ukishasasisha programu, naomba utuwekee hapa takwimu za sehemu ya kushika ya kila klachi, kabla na baada ya kufundishwa upya, gari likiwa la baridi na likiwa la moto.